Maswali ya wasomaji: breki ya mbele, mvua za masika na mtoto kwenye bodaboda

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wa pikipiki, wanaoendesha na wanaobebwa. Nimechagua chache, zile zilizofanana nimeziunganisha. Dereva naomba asome na za abiria, na abiria asome za dereva, maana mkianguka mnaanguka wote.

Shikamoo kaka. Nimeanza kazi ya boda mwezi uliopita, pikipiki nimepewa kwa mkataba. Wakongwe wa kijiweni wananiambia breki ya mbele nisiiguse itanirusha, nitumie ya mguu tu. Juzi daladala ikasimama ghafla mbele yangu, nikakanyaga ya mguu pikipiki ikaserereka, nusura niingie mtaroni. Nifanyeje? (Kijana, Kimara Korogwe)

Marahaba mdogo wangu, pole sana, na nimefurahi umeuliza ukiwa mzima. Hilo neno la kijiweni linaumiza vijana wengi mno kwahiyo niruhusu nilijibu kwa urefu. Pikipiki ikianza kupunguza mwendo uzito wote unakimbilia mbele, hata we mwenyewe unajisikia mwili unasukumwa kwenye usukani. Tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami linashika vizuri, la nyuma linabaki jepesi, sasa ukikanyaga ya mguu kwa nguvu lile jepesi linagoma kuzunguka linaanza kuburuzika na mkia unaenda pembeni, ndo kilichokutokea. Kwenye lami kavu karibu asilimia 70 ya nguvu ya kusimama iko kwenye breki ya mbele, ile ya mkono wako wa kulia. Ukiiacha hiyo umebaki na kidogo sana.

Kuna profesa mmoja wa Marekani, Harry Hurt, yeye na timu yake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 za pikipiki za Los Angeles, ripoti ikatoka 1981. Walikuta kwamba dereva wa kawaida aliyepata ajali alikanyaga ya nyuma mpaka tairi likaburuzika, na ya mbele hakuitumia vya kutosha. Na muda aliokuwa nao wa kufanya kitu chochote kabla ya kugonga ulikuwa chini ya sekunde mbili. Sekunde mbili hazitoshi kukumbuka nilichoandika hapa, mkono utafanya kile ulichozoea kufanya kila siku. Ndo maana nakusisitizia mazoezi.

Wakongwe wako hawakudanganyi kwamba waliona mtu karushwa. Walimuona kweli, ila huyo aliikamata breki ghafla kwa kiganja kizima, au aliishika usukani ukiwa umekunjwa, au alikuwa juu ya mchanga. Hivo vitatu epuka. Breki ya mbele inabanwa, haikamatwi. Achia mafuta, bana taratibu kwanza mpaka usikie shokapu za mbele zinashuka, zikishashuka ongeza nguvu, mguu unasindikiza kidogo tu, klachi unaivuta mwishoni ukikaribia kusimama. Usukani uwe umenyooka, na macho yaangalie pale penye nafasi, usiikodolee macho ile gari unayoiogopa maana pikipiki inafuata macho. Tafuta uwanja au barabara ya mtaa isiyo na watu Jumapili asubuhi, anza na spidi 20, ukizoea 30, kisha 40, na urudi tena kila baada ya muda. Siku nyingine fanya ukiwa na mwenzako nyuma, kwasababu pikipiki yenye abiria inasimama tofauti kabisa na ya mtu mmoja. Kwenye mchanga, matope au lami yenye mafuta hapo ya mbele unaigusa kwa upole sana, ila kikubwa ni uwe umeshapunguza mwendo kabla hujafika. Na kama breki yako ya mbele ni ya dramu, mwambie fundi aangalie breki shuu na waya, nyingi za mkataba zinakuja ile breki imeachwa muda mrefu haina kazi, ukiibana haileti kitu.

Lakini kuna jambo la pili kwenye barua yako, ulikuwa karibu mno na daladala. Ukiwa spidi 50 unakula kama mita 14 kila sekunde, na sekunde ya kwanza yote inaisha kabla vidole havijafika kwenye breki. Chagua nguzo, gari la mbele likiipita hesabu mia moja na moja, mia moja na mbili, ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza uko karibu sana. Mvua ikinyesha ongeza. Alafu daladala ina dalili zake, usingoje taa za breki maana nyingine haziwaki. Muangalie konda. Akianza kuning'inia mlangoni anaangalia pembeni, au ukasikia kagonga bodi, au ukaona kwa kioo cha nyuma abiria wanasimama, hiyo inasimama sasa hivi na popote, kuwe na kituo kusiwe na kituo.

Habari kaka. Naendesha skuta kutoka Mbezi Beach kwenda kazini Posta. Kinachonikatisha tamaa ni magari yanakata mbele yangu wakati dereva ananiangalia usoni kabisa. Ni dharau kwa wanawake au ni nini? (Dada wa Mbezi Beach)

Dada yangu, dharau zipo barabarani na sitokataa, ila hilo la kukukatia mbele linawapata wanaume vilevile. Mara nyingi yule dereva macho yamekuelekea lakini hajakuona, akili yake inatafuta gari, lori, basi, we ni kitu chembamba kinachokuja kimenyooka, na kitu kidogo kinaonekana kiko mbali na kinakuja polepole kuliko ukweli. Anajiona ana nafasi ya kukata kulia, anaingia. Ile ripoti niliyoitaja juu nayo ilikuta hivohivo, robo tatu ya ajali zilihusisha gari jingine, na theluthi mbili ya hizo mwenye gari ndo alimnyima mwenye pikipiki haki yake ya kupita. Kwahiyo usitegemee kabisa kuangaliana macho. Angalia tairi lake la mbele, hilo halidanganyi, likianza kuzunguka ujue anakuja.

Taa ya mbele iwake mchana kutwa. Vaa kizibao cha kuakisi au hata jaketi la rangi kali juu ya nguo za ofisini. Ukikaribia makutano yoyote, kuanzia huko Africana mpaka Mwenge, na kila pale gari linaposubiri kukata kulia mbele yako, achia mafuta na vidole viwili viwe tayari juu ya breki. Ukiwa unasogea kidogo upande ndani ya njia yako unaonekana mapema kuliko ukija umenyooka tu.

Usijifiche nyuma ya basi kubwa, kwasababu anayetoka barabara ya pembeni anaona basi limepita anadhani njia nyeupe na we ndo unatokea. Kwenye foleni ukipita katikati ya magari nenda mwendo wa mtu anayetembea haraka, milango inafunguliwa, wauza maji na karanga wanachomoka kati ya gari na gari, na kuna mtu anaamua kuchomekea bila indiketa.

Na malori, hapa naomba unisikilize sana hasa siku ukipita Mandela yanakotokea makontena ya bandarini. Dereva wa lori kwetu anakaa kulia, upande wake wa kushoto karibu na kichwa cha lori ni giza kwake. Likiwa linataka kukata kushoto linaanza kwa kutanua kulia, linaacha uwazi mkubwa unaokuita, ukiingia pale trela inakuja kukufunga na kukubana kwenye ukingo. Kaa nyuma yake usubiri. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake basi na yeye hakuoni, na honi yako huko juu ndani ya kabini hasikii.

Mwanangu ana miaka mitano, anaenda shule kwa boda ya mtaani kwa mwezi, wanapakiwa watatu. Baba yake anasema niache wasiwasi. Na mimi mwenyewe navaa madera, napanda upande. Nishauri. (Mama wa Tabata)

Mama, wasiwasi wako ni wa haki na baba yake naomba asome hapa. Mshikaki wa watoto sio usafiri. Pikipiki imetengenezwa kwa watu wawili, dereva na abiria mmoja, ukiongeza wa tatu breki zinachelewa, usukani unakuwa mwepesi na dereva anakaa mpaka juu ya tenki hawezi kukunja vizuri. Mtoto anayewekwa mbele juu ya tenki ndo yuko pabaya kuliko wote, wakigonga yeye anakuwa kati ya usukani na kifua cha mtu mzima. Na mtoto ambaye miguu haifiki kwenye vikanyagio hana cha kujizuia, mikono ya miaka mitano haishiki kwa nguvu na asubuhi wengine wanasinzia njiani. Kwa umri huo mimi nasema hapana, hata akiwa peke yake. Kama shule iko karibu jiungeni wazazi watatu wanne mtu mzima mmoja awasindikize kwa miguu, kama ni mbali changieni bajaji au basi la shule. Najua hela ni ngumu, ila ongeeni kwanza na majirani kabla hamjasema haiwezekani.

Kuhusu we mwenyewe, kukaa upande kunakunyima kitu cha kushika na uzito wote unaegemea upande mmoja, dereva akikwepa shimo unatoka. Vaa suruali au taiti ndani ya dera ukae kwa kutanua miguu, kisha kusanya dera lote, ulikalie, na ncha za mtandio au kanga uzifunge mbele. Kitambaa kikiingia kwenye cheni au spoksi kinamvuta mtu chini kwa sekunde moja, na ukiwa umekifunga shingoni ni hatari kubwa zaidi. Dereva, we ndo unatakiwa kuangalia hilo kabla hujaondoka, usimuachie mama wa watu.

Kushuka shukia kushoto. Pikipiki nyingi za boda eksozi iko kulia na ndo inachoma miguu ya akina mama. Ukiungua weka mguu kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala unga wala mafuta, kama ngozi imetoka au eneo ni kubwa nenda zahanati. Dereva wa kumchagua? Yule anayekubali ukimwambia apunguze mwendo. Muangalie macho asubuhi kama amelala, nusa kama ana harufu ya pombe, angalia kama tairi zina alama na vioo vyote viwili vipo, na akianza safari anaongea na simu shuka ulipe kidogo utafute mwingine.

Abiria wangu wengi hawataki helmeti, wanasema inanuka na inaharibu nywele. Nisiwalazimishe? (Boda wa Sinza)

Walazimishe kwa kuifanya ivalike. Kitambaa cha ndani kifue, kianike juani, nunua zile kofia nyepesi za nailoni za saluni uwe nazo mfukoni umpe abiria avae kwanza ndani, nywele zinabaki salama na jasho la mwenzie halimgusi. Cochrane, wale wanaokusanya tafiti za tiba, walichapisha uchambuzi mwaka 2008, helmeti inapunguza kufa kwa mwenye pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia kama 42 na kuumia kichwa kwa asilimia kama 69. Lakini ni helmeti iliyofungwa. Ikiwekwa kichwani mkanda unaning'inia inaruka kabla kichwa hakijafika chini. Funga mkanda mpaka kidole kimoja au viwili tu vipite chini ya kidevu, tikisa kichwa, ikicheza ni kubwa kwake. Iliyowahi kuanguka na mtu usimpe mtu mwingine, lile povu la ndani likishabonyea kazi yake imeisha hata kama nje inang'aa. Na zile za ujenzi sio za pikipiki.

Masika yakianza nakosa amani, hasa kupita Jangwani. Kuna mbinu gani? (Msomaji, Magomeni)

Mvua inayotisha ni ile inayoanza. Dakika za mwanzo inanyanyua mafuta na vumbi la wiki nzima barabara inakuwa kama imepakwa sabuni, ikishanyesha sana inaosha na lami inarudi kushika kidogo. Hizo dakika za mwanzo simama pembeni kama unaweza. Epuka kufunga breki au kukunja juu ya michoro myeupe, mifuniko ya chuma na maungio ya chuma ya madaraja. Mchanga unaosombwa unakuja kukaa kwenye kona na chini ya matuta, kesho yake jua likiwaka ndo unaangusha watu.

Maji yaliyotuama usiyoyajua chini yake usiingie, kuna mashimo na mitaro isiyo na mifuniko. Msimbazi ukifurika pale Jangwani polisi wakifunga barabara geuza, na hata wasipofunga ukiona maji yanatembea juu ya lami geuza. Maji yanayokimbia yakifika magotini yanamzoa mtu mzima na pikipiki yake. Zunguka, au lala kwa ndugu. Ukitoka kwenye maji breki za dramu zinakuwa zimelowa hazishiki, zibane kidogokidogo huku unatembea mpaka ukisikia zimerudi. Na ile tabia ya kujikinga mvua chini ya daraja katikati ya njia, pikipiki ishirini zimejazana kwenye lami giza limeingia, naomba tuache. Toka kabisa nje ya barabara, washa taa za nyuma.

Njia ya mwendokasi ikiwa tupu usiku naweza kupita? (Kijana, Ubungo)

Hapana. Basi lenyewe ni refu, zito, na dereva wake hategemei kukukuta, usiku hata watembea kwa miguu wanavuka bila kuangalia wakijua hamna basi. Trafiki akikukamata hiyo ni faini tu, ila mi naogopa zaidi ule mlango wa kituo unapofunguka watu wakavuka.

Ukikuta mwenzako kapata ajali ufanye nini? Kijiweni kwetu tunambeba haraka kwenye boda katikati ya watu wawili. (Mwenyekiti wa kijiwe, Mbagala)

Mwenyekiti, asante, hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Kumbeba mshikaki acheni, nawaomba kwa dhati. Mtu aliyevunjika shingo au mgongo anaweza kuwa bado anachezesha miguu pale chini, mkimkunja kati ya watu wawili mnamaliza uti wa mgongo. Kwanza zuieni magari, wawili wasimame nyuma kwa mbali kidogo na taa za simu au vizibao, maana ajali ya pili inagonga wasaidiaji. Zimeni injini ya pikipiki, mafuta yanamwagika na mtu anavuta sigara. Pigeni 112 polisi, na pale penye moto au mtu aliyebanwa 114 zimamoto.

Mzungumzisheni. Kama anapumua, msimvute, mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisitembee, helmeti muiache mpaka wataalamu wafike, isipokuwa kama hapumui au anatapika na hamna namna nyingine, hapo watu wawili, mmoja anashika shingo na kidevu mwingine anaivua polepole. Damu inayoruka bana na kitambaa safi moja kwa moja juu ya kidonda, usiachie kuchungulia. Maji ya kunywa msimpe, anaweza kuhitaji upasuaji. Kama ambulensi haiji tafuteni gari la kulaza, pikapu au hata Noah viti vilazwe, ubao au mlango wa mbao chini yake, mpelekeni hospitali ya karibu wao ndo wataamua kama aende MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Ndugu mmoja akafuatilie PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, polisi wakati mgonjwa anahudumiwa. Na namba ya ndugu ya kila dereva iandikwe kwenye daftari la kijiwe, simu nyingi zina neno la siri, hamuwezi kuzifungua.

Fundi anasema tairi langu la nyuma limeisha ila anaweza kulichonga alama upya kwa hela ndogo. (Boda wa Buguruni)

Usikubali. Alama za tairi kazi yake ni kusukuma maji pembeni, fundi akichonga anakata ile raba nyembamba iliyobaki mpaka karibu na nyuzi, likipasuka ukiwa na abiria spidi 60 la nyuma huliwezi. Nunua jipya na chubu mpya. Pikipiki nyingi za boda za 125 na 150 mbele ni 2.75-17 nyuma 3.00-17, ila thibitisha kwenye tairi lako la zamani. Kabla hujalipa tafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni, 2219 maana yake limetengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2019, lililokaa dukani miaka mingi raba inakuwa ngumu hata kama halijawahi kugusa barabara, mwambie akuletee lingine. Upepo pima asubuhi tairi likiwa la baridi kabla hujaenda kijiweni, kwa kipimo sio kwa kupiga teke, na kiasi fuata kile cha kitabu cha pikipiki yako au kibandiko cha kwenye fremu, la nyuma linahitaji zaidi ukibeba abiria. Likiwa jipya lina utelezi wa kiwandani, siku mbili tatu za mwanzo kona ziingie taratibu.